Maji Yaliyomtangulia

Watu wa kilimani walimwita Matone, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila mwezi pikipiki ilimshusha pale ambapo barabara inakata tamaa, naye akapanda kwa miguu, begi mgongoni, kwenda kwenye nyumba kumi na nne zilizofuatana juu ya mgongo wa kilima kama shanga kwenye uzi. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuifanya kwa mtu mwenye haya. Alipiga hodi. Akaomba maji kidogo kutoka kwenye chombo cha maji ya kunywa. Akayatia kwenye kineli, kijichupa chembamba cha kioo, akatumbukiza kidonge kisichozidi punje ya mtama, akatikisa, akangoja. Maji yakigeuka rangi ya waridi, nyumba hiyo imetia dawa. Yakibaki kama yalivyo, haikutia. Kisha akaacha chupa mpya ya dawa, akashukuru, akaenda nyumba inayofuata.

Kwa miezi saba maji ya nyumba zote yaligeuka waridi.

"Wewe una mkono wa baraka," msimamizi wake alimwambia. "Wenzako huko mabondeni wanafukuzwa na mbwa." Na juzi kwenye simu akaongeza kwamba safari hii itakuwa ya mwisho. Maji yakitoka waridi tena, kilima kitaandikwa kuwa salama, dawa itahamishiwa bonde jingine, naye Matone ataifuata.

Alipaswa kufurahi. Lakini fomu yake ilikuwa na safu mbili zisizosalimiana. Safu ya maji ilisema watu wa kilimani wanakunywa maji safi. Safu ya matumbo, ile aliyoijaza kwa kuwauliza akina mama watoto wameharisha mara ngapi, ilisema mambo mengine kabisa, na kila mwezi ilizidi kunenepa.

Halafu kulikuwa na ile rangi yenyewe. Wape wanawake kumi na wanne mboga na chumvi, hutakula vyungu viwili vyenye ladha moja, maana kila mkono una kipimo chake. Lakini waridi ya kilimani ilikuwa moja tu, kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba mkono mmoja ndio uliotia dawa kote. Na kulikuwa na mambo mengine, madogo, ya kumfanya mtu ajione mjinga akiyataja. Kila alipokaribishwa kwa mlango wa mbele, mlango wa nyuma ulikuwa bado unacheza kwenye bawaba. Kwenye kizingiti cha nyuma kulikuwa na maji yaliyodondoka, hayajakauka hata jua likiwa kali. Na mama mwenye nyumba alikuwa anapumua kwa mdomo. Matone aliondoka kila nyumba na hisia ambayo hakumwambia mtu: kwamba kuna mgeni mwingine aliyetoka humo sasa hivi, na kwamba mgeni huyo anajua aendako.

Siku ya safari hiyo ya mwisho ukungu ulikuwa umelala juu ya kilima kwa juma zima. Alipofika chini alikuta kwenye simu ujumbe wa mama mkwe wa dada yake: Bwana Mkubwa tumbo linamwendesha tangu jana, njoo upesi.

Bwana Mkubwa alikuwa na miezi minane. Jina hilo alilipata kwa jinsi alivyokuwa akikaa ameegemea mto, akiguna kama mtu anayecheleweshewa chai. Mama yake alikuwa dada mkubwa wa Matone, aliyeolewa kilimani, kwenye nyumba ya kumi na nne, ya mwisho kabisa. Basi Matone hakuifuata njia ya nyumba. Alishika njia ya mbuzi, inayozunguka chini ya kilima na kutokea nyuma ya jiko la dada yake. Kwa miezi saba hakuwahi hata mara moja kuanzia mwisho.

Alimkuta dada yake mkekani, mtoto mapajani. Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea, na macho yake yamerudi ndani kama ya mzee. Hakuguna. Alikuwa anautazama ukuta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umepita wapi?"

"Njia ya mbuzi. Ameharisha mara ngapi?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, katikati ya kikohozi cha moshi. "Tumeacha kuhesabu jana jioni. Mama yake anasema ni meno. Sijui ni meno gani yanayootea tumboni."

"Ananyonya?"

"Kidogo, halafu anatapika," dada alisema.

"Endelea kumnyonyesha, usiache." Matone alifungua begi, akatoa pakiti ya chumvi na sukari, ile inayorudisha maji mwilini. "Nipe lita moja ya maji ya kunywa."

Dada alimtazama mama mkwe wake. Mama mkwe akautazama mlango wa nyuma.

"Ngoja kidogo," dada alisema.

"Ningoje nini?"

Matone akachota mwenyewe kwenye mtungi, na kwa mazoea tu akatia kidonge kwenye kineli. Alitikisa. Alingoja. Akatia kidonge cha pili, akidhani cha kwanza kimeharibika. Maji hayakubadilika. Yalimtazama tu, maangavu, hayana neno.

"Dada, hamjatia dawa."

"Hayajafika," dada yake alisema kwa sauti ya chini.

"Nini hakijafika?"

"Maji yako."

Moshi ulikuwa umekuja mpaka chumbani. Matone aliuliza chupa za dawa ziko wapi. Mama mkwe alionyesha nje kwa kidevu. Zilikuwa zinaning'inia chini ya paa la banda la mbuzi, chupa saba ndani ya wavu, zote hazijafunguliwa, kama kitu ambacho mtu hakitaki nyumbani kwake lakini anaogopa kukitupa.

Matone alinyoosha mkono atoe moja.

"Usiilete humu." Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. "Nakuomba, mdogo wangu. Ukiiingiza humu nitatoka na mwanangu, niende naye kwenye huo ukungu."

Matone alikuwa ameijua sauti ya dada yake tangu azaliwe, na hii hakuwahi kuisikia. Akarudisha mkono.

"Basi chemsheni."

"Kwa kuni zipi?" mama mkwe akasema. "Zimelowa hizi, juma zima. Tangu asubuhi napuliza mpaka mashavu yameota sugu, na sufuria haijanung'unika."

Ilikuwa kweli. Kilima kilikuwa kipara, ndiyo maana hasa dawa ililetwa. "Nitaomba maji kwa majirani," Matone alisema.

"Hutayapata," dada yake alimjibu. "Upande huu bado."

Nyumba ya kumi na tatu ilikuwa ya mshona viatu mzee na wajukuu zake. Alikuwa kwenye kigoda chake, sindano mdomoni.

"Leo unamkamata ng'ombe kwa mkia, Matone."

"Naomba maji ya kunywa, babu."

Mzee alimpa. Hayakugeuka. Alijikuna shingo, akachungulia nyuma ya bega la Matone, kule njia inakotokea. "Yako njiani," alisema, kwa upole, kama anayemtuliza mtu aliyechelewa basi.

Kwenye nyumba ya kumi na mbili mama mwenye nyumba alifungua mlango kiasi cha uso. "Rudi ukaanze mwanzo, mwanangu," alisema. "Tafadhali. Ukianza mwanzo kila kitu kitakuwa sawa."

Ya kumi na moja, ya kumi, ya tisa. Kote vilevile. Wenye nyumba hawakumfukuza wala hawakumkemea. Walikuwa na adabu ya watu walioandaa kiti kwa ajili ya mgeni, na mgeni huyo si yeye. Kila mmoja alimpa maji, na kila mmoja aliangalia nyuma ya bega lake. Mwishowe naye akaanza kugeuka kuangalia. Hakuona kitu ila ukungu, na ndani ya ukungu njia ikishuka.

Alipoikaribia nyumba ya nane, harufu ilimfikia kwanza. Harufu ya dawa, kali na baridi, mahali ambapo hapana nyumba wala chombo. Halafu akasikia mlio wa maji yakigonga ukuta wa chombo, chwa, chwa, sawasawa na hatua za miguu. Matone alisimama kando ya njia.

Mwanamke mrefu alitoka kwenye ukungu, miguu mitupu, amelishika jagi la buluu lenye kifuniko kwa mikono miwili, mbele yake, kama mtu anayebeba taa. Hakumwona Matone. Alikata kona kuelekea nyuma ya nyumba ya nane, akagonga mara mbili kwa kucha. Mlango ulifunguka ufa. Ukatoka mkono umeshika kikombe, mkono peke yake, bila uso. Mwanamke akamimina. Mkono ukarudi ndani, komeo likalia. Hakuna aliyesema asante.

Alipogeuka wakatazamana. Matone alimjua kwa sura. Alikuwa Mama Pacha, anayekaa peke yake chini karibu na kisima. Nyumba yake haikuwa kwenye orodha, kwa sababu orodha ilikuwa ya nyumba zenye watoto.

"Leo sikukusikia nyuma yangu," Mama Pacha alisema. Hakuonyesha kushtuka. "Nimeisikia pikipiki, nikaondoka kama kawaida. Lakini huwa nakusikia. Unapiga hodi mara tatu, na ya tatu inakuwa ndogo, kama unaomba msamaha. Ukisema asante, mimi natoka nyumba ya mbele."

"Miezi yote saba?"

"Umesahau safari yako ya kwanza, kabla hujaanza kupima? Nyumba ya tatu walikwambia hawaitaki dawa yako. Ukaenda kukaa juu ya jiwe, ukalia kimyakimya, unajifuta kwa karatasi zako. Walikuona wote. Wakaona haya. Mtoto wa watu, amepanda kilima chote hiki, isitoshe ni mdogo wa mke wao. Wakasema huyu tukimkatalia tena atavunjika moyo. Wakaja kwangu na chupa ulizoziacha nyumba mbili za kwanza."

Matone alihisi uso wake ukiwaka. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kilima kizima kilikuwa kimemwonea huruma, kikamficha ukweli kama mtoto anavyofichwa msiba.

"Kwa nini waje kwako?"

"Mimi siiogopi." Mama Pacha alibana kifuniko cha jagi. "Hukuwepo mwaka juzi, kipindupindu kilipopita. Walikuja watu wa mabuti, nyuso zimefunikwa, wana mitungi mgongoni, wakapuliza dawa hii hii. Vitanda, sakafu, maiti. Kila nyumba waliyopuliza ilitoa jeneza. Watu wa hapa wakashika hesabu hiyo. Harufu ikiingia, mtu anatoka. Wanasema kifo kinaijua, kinaifuata kama nzi afuatavyo kidonda. Ukishaondoka, kile kikombe wanakimwaga mbali, wanakisugua kwa majivu."

"Na wewe?"

"Mimi nimebaki na nani wa kuchukuliwa?" Alisema bila uchungu. "Pacha wangu walizikwa wote wawili wananukia hivi. Nikifungua chupa, wanarudi, nyumba inajaa. Nakunywa mimi, nawamiminia na wao. Na tangu siku ile sijaumwa tumbo hata mara moja."

Vinyweleo vya Matone vilisimama. Si kwa maneno yenyewe, bali kwa namna yalivyosemwa, kama mtu anayesema amekwisha kulisha kuku.

"Mtoto wa dada yangu anaharisha," alisema. "Ameanza kunywa maji mwezi uliopita tu."

"Yule anayeguna?"

"Ndiye. Haguni tena."

"Twende," Mama Pacha alisema.

Walirudi kwa njia ya nyumba, jagi mbele, Matone nyuma. Hakuna aliyewatangazia watu, lakini harufu ilitangulia, na kila walipoikaribia nyumba komeo lilianguka. Ya tisa. Ya kumi. Dirisha likavutwa. Mtoto aliyekuwa anacheka alizibwa mdomo katikati ya kicheko. Mshona viatu peke yake ndiye aliyebaki nje. Alifunika pua kwa mkono wa shati, akainamisha kichwa walipopita, kama inavyofanywa mbele ya jeneza.

Dada yake Matone aliwaona wangali mbali. Alisimama mlangoni, mikono imeshika miimo miwili ya mlango.

"Hapana."

"Dada, haya yametiwa dawa. Ni salama. Nachanganya chumvi na sukari tu, tunampa kwa kijiko."

"Hayo ni ya kupimia. Si ya kunywa."

"Dada, mtoto anakauka."

"Naona anakauka, mimi si kipofu. Unataka nimuite mwenyewe aje amchukue? Nimfungulie mlango?"

Matone, ambaye tangu utotoni alikuwa akimwachia dada yake neno la mwisho, alisikia sauti yake ikipanda. "Ile dawa ilikuja baada ya watu kufa. Ilikuja imechelewa. Haikumleta mtu."

"Ulikuwepo?"

Hakuwepo.

"Mimi nilikuwepo," Mama Pacha alisema.

Alikuwa amesimama hatua tano nyuma, kama mtu aliyezoea kutokaribishwa. Aliliweka jagi chini taratibu.

"Wangu walikufa alfajiri. Mabuti yalikuja adhuhuri. Usiku ule wote, wanaharisha, wanaita maji, humo ndani hamkuwa na harufu yoyote. Nilichota kisimani, hapo mlangoni kwangu, maji maangavu, matamu, hayana harufu ya kitu. Niliwapa mimi. Walikuwa wanasema, mama, tuongeze. Nikawaongeza." Aliuangalia mkono wake wa kulia. "Mnakiogopa kinachonuka. Kile kilichoingia kwangu hakikunuka, na nilikishikia kikombe."

Ndani ya nyumba mama mkwe alikuwa ameacha kupuliza moto.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," kikongwe alisema hatimaye. "Mke wa mwanangu, mpishe mdogo wako."

Mkono mmoja wa dada ulishuka kutoka kwenye mwimo, kisha wa pili, na Matone akapita na jagi.

Kijiko cha kwanza mtoto alikitema. Cha pili kilikaa. Harufu ilitambaa chumbani, ikapanda kwenye mapazia, na kila ilipofika pembe mpya dada alitazama pembe hiyo. Matone alihesabu pumzi tano kati ya kijiko na kijiko. Mtoto alitapika mara moja, wakangoja, wakaanza upya. Mama Pacha walimkaribisha ndani, akakataa. Alikaa nje, mgongo ukutani, chini ya dirisha.

Kati ya kijiko na kijiko Matone alijaza fomu. Aliandika sifuri kwenye safu ya maji, kumi na nne, moja chini ya nyingine, na nyumba ambazo hakuzifikia aliziandikia alichokwisha kukijua. Pembeni akaeleza kwa maneno kuhusu miezi saba ya nyuma. Msimamizi atasema mkono wa baraka umeota kutu. Na aseme. Dawa haitaondoka kilimani, wala yeye hataondoka, na safari hii ataomba kikao na akina mama kabla ya kumpimia mtu maji.

Alasiri mama mkwe aliingiza mkono chini ya nepi, akautoa, akaunusa.

"Amekojoa," alisema. "Bwana Mkubwa amerudi ofisini."

Mtoto aliguna, mara moja, guno dogo la mtu aliyekasirishwa. Dada akaweka kiganja mdomoni. Kisha akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, na aliporudi alikuwa na chupa moja kutoka kwenye wavu, ameishika mbali na mwili wake. Aliing'oa kifuniko kando ya mtungi. Alitazama mlango wa mbele, akatazama wa nyuma, kama anayehakikisha nani ameingia nayo.

"Mangapi?" aliuliza.

"Thelathini kwa mtungi huu. Kama ilivyoandikwa hapo kwenye chupa."

Tone la kwanza lilianguka. Wakati huohuo, chini ya dirisha, Mama Pacha alianza kuongea. Hakuwa anaimba wala hakuwa anasali. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama mama anayemshika mtoto nguo asikimbilie ndani ya nyumba ya watu.

"Hapana. Tumekaa hapa hapa. Huyu bado anakunywa."

Akanyamaza, muda unaomtosha mtu kujibu.

"Na wewe pia," alisema, akielekeza sauti upande wa pili.

Mkono wa dada uliganda juu ya mtungi. "Yuko na nani?" alinong'ona.

Dirisha lilikuwa karibu. Ingetosha kugeuza kichwa. Matone hakukigeuza. Alimnywesha mtoto kijiko kingine, naye akakimeza.

"Hesabu, dada," alisema. "Usiache kuhesabu."

Dada yake akainamisha chupa tena. "Mbili," alisema. "Tatu. Nne."